Hina ya Siku za Kazi

Swali lililoniletea balaa lilikuja mapema kwenye dodoso, baada tu ya umri na hali ya ndoa: kabila. Nilikuwa msichana niliyetoka chuo juzi tu, hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya utafiti, na mwalimu wangu alilitaka swali lile kwa nguvu zote. Alitaka kujua wanawake wanaobangua korosho wanaumiaje mikono, nani anaumia zaidi, na kama kazi za kiwandani zinagawiwa kwa kuangalia mtu ni mke au mume na ametoka wapi. Nikamwambia, mwalimu, sie tumelelewa kuambiwa wote ni ndugu, nikiuliza kabila watanifukuza. Akasema, "Nenda kaulize kwa adabu." Adabu! Utamwuliza vipi mtu mzima kabila lake kwa adabu, saa nne asubuhi, mikono yake imejaa mafuta ya korosho?

Kiwanda kilikuwa upande wa Temeke, mwendo wa mguu kutoka Tandika nilikopanga chumba. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mashirika ya umma yanauzwa moja moja, na kila siku kulikuwa na uvumi mpya. Mnunuzi kaja, mnunuzi kaondoka, watu watapunguzwa, hawapunguzwi. Wanaume walikuwa kwenye tanuri na kwenye mizani, wamepewa glovu, viatu vya mpira na maziwa ya kusafisha kifua. Wanawake walikaa kwenye mabenchi marefu wakibangua, yaani wanapasua ganda na kuitoa korosho ikiwa nzima. Ganda lile lina mafuta meusi yanayounguza ngozi mpaka ibabuke. Glovu hawakupewa. Nilipouliza, nyapara alinijibu bila hata kupepesa kwamba mwanamke akivaa glovu anavunja korosho, na korosho iliyovunjika haina soko. Nilitaka nimwambie hebu kaa wewe hapo ubangue tuone. Nina hasira za karibu mie, toka utotoni. Lakini nilikuwa mgeni, nikameza mate.

Nyapara huyo hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa mtu wa bara, mtu wa kanisani, mpole wa kuongea, na kila asubuhi alisimama getini kukagua mikono. Wanawake walipita mbele yake kwa foleni wamekunjua viganja, na yeye aliangalia tu bila kugusa, maana kushika mkono wa mke wa mtu si heshima. Aliyekutwa na kidonda alirudishwa nyumbani, kwa sababu wanunuzi wa ng'ambo hawataki korosho yenye damu. Ukirudishwa, ujira wa siku ile hakuna. Ukirudishwa mara kwa mara, basi jua kwamba siku ya kupunguza watu wewe ndiye wa kwanza. Kwa hiyo geti liliogopwa kuliko mafuta.

Siku za mwanzo niliambulia patupu. Kila niliyemwuliza kabila aliniangalia, akaangalia wenzake, akasema andika Mtanzania. Mwishoni mwa benchi la dirishani alikaa mama mmoja mnene kidogo, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, umri wake kama wa mama yangu mdogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akajibu maswali yote. Alikuwa anaishi Mbagala, mume alishafariki, anamtunza mama yake mzazi aliyepooza na watoto ambao bado wako shule, na kazi hii ndiyo inayowalisha wote. Nilipofika kwenye kabila akaacha kubangua.

"La nini? Unatutafutia wachumba?"

Benchi zima likacheka. "Na wewe mwenye maswali," akasema, "kabila gani?"

"Mnyamwezi. Wa Tabora."

Weee! Mama yule aliruka kama ameng'atwa na siafu. "Mpagazi wangu huyu jamani! Mie Mzaramo, huyu wangu! Babu yake kabeba mizigo mpaka utosi ukaota sugu, leo mjukuu anabeba makaratasi!"

"Nanyi mlikuwa wapi?" nikamjibu, maana hapo huwezi kunyamaza. "Mmekaa pwani mmeachama, mnangoja nazi iwadondokee mdomoni!"

Ikawa kelele tupu, vigelegele, watu wanapiga benchi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani toka enzi za misafara, na asiyejua utani haujui uzito wake. Mtani atakutukana mbele za watu na huna ruhusa ya kukasirika. Atakuchukulia kitu chako aondoke nacho, na wewe utamfuata ukakigomboe. Hata msibani kwako atakuja akuchekeshe kabla machozi hayajakauka. Ukimnunia mtani, aibu ni yako. Siku ile ile alinichukulia mwavuli wangu, na kesho yake nikaugomboa kwa maandazi. Tangu hapo hakuna aliyenificha kabila. Waliniita mpagazi kiwanda kizima na mie nikawa na raha zangu.

Majibu yakaanza kujaa, na yakaniudhi. Wanawake waliotoka bara, Wapare, Wahehe, Wagogo, viganja vyao vilikuwa vimebabuka, na wao ndio waliorudishwa getini kila mara. Wanawake wa Pwani viganja vyao vilipambwa hina iliyokolea, mikono imetulia, getini wanapita wanacheka. Nyapara alikuwa na maelezo yake. "Watu wa Pwani wamezaliwa na korosho," aliniambia. "Mafuta yanawajua." Kwa imani hiyo aliwaketisha wao kwenye benchi la dirishani, linakofika ganda likiwa na mafuta mengi kuliko kwingine kote. Mpare mmoja, mama wa Kilutheri, alikuwa na maelezo mengine. "Hao wana dawa," alininong'oneza. "Kwa ushirikina hawajambo hao."

Mimi hadithi za kabila hili damu yake hivi, kabila lile ngozi yake vile, huwa zinanichefua. Lakini nilichokiona nilikiandika. Mwalimu alipoona matokeo ya mwanzo akafurahi mpaka akavua miwani. Alisema huenda ni ngozi, huenda ni mazoea ya utotoni, na kwamba tuna jambo jipya mikononi. Nikarudi Tandika nimenuna, bila kujua nanunia nini hasa.

Ijumaa moja mtani wangu akaniambia, "Mpagazi, jioni njoo kwangu nikupambe. Msichana mzima huna hata hina, nani atakuoa na makucha hayo?" Nikaenda Mbagala jua bado liko juu, nikidhani kuna harusi. Harusi hakuna. Nilikuta mkeka uwani, bakuli la hina nzito kama ugali mwepesi, na wenzake wa benchi la dirishani wamekaa wanapakana. Nikashangaa kwamba hawachori maua. Walikuwa wanajaza kiganja chote, vidole vyote, mpaka kwenye kifundo, kama fundi anavyokandika ukuta.

"Mbona hamchori?" nikauliza.

Wakaangaliana. Mtani wangu alikuwa ametumbukiza mkono wake wa kulia kwenye sufuria ya maji ya vuguvugu yenye chumvi, amefumba macho kwa uchungu. Gamba la hina kavu likaanza kubanduka vipande vipande, likaelea. Alipoutoa mkono nikaona kidole cha shahada. Mungu wangu. Kilikuwa kimevimba mara mbili, ngozi imechubuka hadi nyama, kwenye kiungo kuna shimo linalotoa usaha, na harufu yake ilifika pale nilipokaa. Nikawaangalia na wengine. Kila mkono uliokuwa bado haujapakwa ulikuwa umebabuka, madoa mekundu, ngozi inameguka. Walikuwa wanaungua kuliko wa bara, kwa kuwa ndio waliowekwa kwenye ganda baya zaidi. Hina ilikuwa inayafanya madoa yote rangi moja, na nyapara getini akiiona anasema moyoni, watu wa Pwani kwa sherehe hawajambo, anawapitisha.

"Mtani," nikasema, "kidole hiki kinaoza."

"Kinaoza hapa nyumbani. Kazini hakiozi."

"Twende hospitali."

"Wataniwekea bendeji. Bendeji inapitaje pale getini?" Hakuwa anatania tena. "Mnunuzi anakuja kuangalia watu wa kubaki nao. Wiki hizi nisipoonekana benchini, nimekwisha. Mama yangu yule pale ndani hawezi hata kujigeuza. Nikikosa hii kazi nitamgeuzia nini, nitampa nini?"

Wenzake wakasema mpagazi usitie neno, ukisema tumekwisha wote. Sikuapa kusema wala kutosema. Nilinyoosha tu mikono yangu nikapakwa, nikarudi nyumbani na viganja vyekundu, na moyo umenijaa hofu ambayo sijawahi kuwa nayo. Nikisema, geti litawafungia wote. Nisiposema, mkono wa mtu utaoza mbele ya macho yangu na mimi nimeshika kalamu.

Jumatatu alikuja kazini ana homa. Nilimwona anabangua kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameulaza mapajani kama mtoto mchanga. Jasho linamtoka na hakuna joto. Nikamwendea mara ya kwanza, akanifukuza. Nikamwendea mara ya pili, akanitukana, na matusi yale hayakuwa ya utani. Ilipofika saa ya chakula hasira zikanipanda, haki ya Mungu sijui hata niliwaza nini. Nikanyakua kapu lake lililokuwa chini ya benchi, lenye chakula chake, khanga yake na ufunguo wa nyumba yake, nikalinyanyua juu kiwanda kizima kione.

"Mtani! Nimekukamata mali! Njoo uigomboe hospitali!"

Benchi zote zikalipuka kwa kicheko. Hata wanaume wa tanurini wakatoka kuangalia. Nikatembea mbio kuelekea getini, na nyapara, naye akicheka, akatufungulia. "Hao watani, waache," alimwambia mlinzi. Asingethubutu kutuzuia. Na mtani wangu asingethubutu kubaki, maana mtani asiyefuata mali yake atasemwa mpaka kaburini.

Akanifuata. Barabara nzima ananifuata, "Mpagazi mwizi wee! Rudisha kapu! Umerithi kubeba vya watu!" Watu wa Tandika wanatoka maduka ya mitumba kucheka, wengine wananishangilia mimi, wengine wanamshangilia yeye. Mimi naongeza mwendo, kapu liko kichwani, namjibu matusi kwa matusi. Tulipokaribia hospitali nikasikia nyuma yangu kimya. Nikageuka. Alikuwa bado anakuja, ila analia, tena anatembea huku anayumba, ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Nilitamani kusimama nimkumbatie. Sikusimama, kwa sababu nilijua nikisimama atageuza.

Daktari alikiangalia kidole, akamwangalia yeye usoni, akasema kinakatwa leo leo. Sumu ilishaanza kupanda. Angechelewa kidogo tu, alisema, angekatwa mkono, na angechelewa zaidi kusingekuwa na haja ya kukata kitu. Nilibaki nje kwenye benchi na lile kapu mapajani. Alipotoka, mkono umefungwa bendeji nene nyeupe, alilichukua kapu lake bila kuniangalia.

"Umenifukuzisha kazi," akasema. "Nenda kwenu."

Nilimpeleka Mbagala, mlangoni akanifungia. Kila nilipokwenda kumwona katika wiki zilizofuata, mtoto alitoka akasema mama amelala. Ilinichoma, wallahi. Nililala na kuamka nayo.

Kwa mwalimu nilikwenda nikamweleza kila kitu, nikamwomba asiandike neno hina popote mpaka wale wanawake wawe salama. "Kumbe hatukupima mikono," akasema. "Tumepima geti." Karatasi ya matokeo akaiweka kando, na habari ya ngozi na mazoea ya utotoni sikuisikia tena kinywani mwake. Nilimheshimu kwa hilo, maana wapo ambao wangeichapisha hivyo hivyo.

Asubuhi aliyorudi kazini nilikuwa getini. Alikuja na bendeji, ndogo sasa, akaingia kwenye foleni kama wengine, kichwa juu. Nyapara alipomwona alisikitika, nilimwona. "Mama, rudi nyumbani," alimwambia kwa upole. "Ukipona kabisa ndiyo uje." Mtani wangu hakuondoka. Alisimama tu pale, na mama wa nyuma yake, mmoja wa wale wa mkekani, akakunjua viganja vyake. Havikuwa na hina. Zile wiki zote mwenzao alipokuwa amelala, wenzake wa dirishani walikubaliana wasipake tena; ile ya zamani iliwapitisha huku inafifia, na asubuhi hiyo ilikuwa imekwisha. Nyapara akaona viganja vimebabuka. Akaja wa pili, hivyo hivyo. Akaja wa tatu. Yule Mpare wa Kilutheri aliyesema wana dawa alisogea kuchungulia, akajishika mdomo.

"Kumbe wote?" nyapara akauliza.

"Wote, baba," akajibiwa.

Ilikuwa nyapara awarudishe wote afunge kiwanda, au awaingize wote. Ndani kulikuwa na mzigo wa kusafirishwa, na mnunuzi anatarajiwa. Akatazama foleni mpaka mwisho wake, akavua kofia, akasogea pembeni ya geti. "Ingieni," akasema. Mtani wangu alipewa meza ya kuchambua korosho zilizokwisha kubanguliwa, kazi inayofanyika hata kwa mkono mmoja, na wiki ile glovu chache zikatoka stoo kwenda kwenye mabenchi, saizi za wanaume, zinapwaya. Watu wa bara na watu wa Pwani wakawa wanazivaa kwa zamu. Mtani wangu asubuhi ile aliingia kazini bila kunisemesha.

Na kazi yenyewe haikudumu. Mnunuzi alikuja, akazunguka, akaondoka asirudi. Wafanyabiashara waliona faida kuisafirisha korosho na ganda lake, ikabanguliwe ng'ambo. Kabla mwaka haujaisha mabenchi yalitolewa nje na kiwanda kikawa ghala. Wote walikwenda nyumbani, mwenye hina na asiye na hina, aliyerudishwa getini mara nyingi na asiyewahi kurudishwa hata siku moja.

Nilikwenda Mbagala baada ya kusikia habari hiyo. Mtoto hakutoka kusema mama amelala. Nilimkuta jikoni uwani, moto unawaka, anasukuma chapati za kuuza, na kuna watu wanamsubiri. Kidole hakipo, lakini mkono ule ulikuwa unakwenda mbele na nyuma juu ya kibao, unageuza, unasukuma, unatupa kwenye chuma. Akaniona, hakuacha kazi.

"Siku ile uliponikokota," akasema, "nilikuombea ufe. Wallahi, mtani, njia nzima nilikuwa namwomba Mungu ugongwe na gari."

Nikasogea kando ya moto.

"Kazi niliyokuwa naing'ang'ania ndiyo hiyo, imekufa. Ningekuwa nimekaa hapa sina kazi na sina mkono." Akageuza chapati. "Kaa chini ule."

Nilikaa kwenye kigoda nikalia mbele ya wateja wake, na yeye akaendelea kusukuma.